Karatasi za Mkuu wa Labo

Watu wakitaka kumsifu mtu, huanza na ukoo wake na kijiji chake. Mimi sitaanza huko, kwa sababu mambo hayo aliyasimulia mwenyewe mara nyingi, tena kwa sauti nzuri mno, na sioni kwa nini nimsaidie. Nitasema ninayoyajua. Nilifanya kazi chini yake katika labo, yaani maabara, ya kampuni moja ya shaba hapa Lubumbashi, kabla ya sécession, Katanga ilipojitenga na Kongo, na wakati wa sécession yenyewe, na siku zote hizo nilimwonea wivu. Haukuwa wivu wa kupita. Nilikula nao na kulala nao, na mke wangu Astrida aliujua kuliko mimi mwenyewe.

Wote walimwita Chef Labo. Cheo hicho alikipata Wazungu walipokimbilia Rhodesia, magari yao yamefungwa magodoro juu. Injinia aliyetufundisha sote wawili alimtupia funguo kupitia dirisha la gari, naye akazidaka kwa mkono mmoja bila kuangalia. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, mkono wangu pia uko tayari. Tangu siku ile funguo zilikaa katika mfuko wa koti lake zikilia kila anapopita, na mimi nilizisikia hata akiwa chumba cha pili.

Tulikuwa na elimu moja. Alinizidi miaka kadhaa, basi. Katika kupima uzito nilikuwa hodari kuliko yeye, na hilo nalisema bila haya: mzani wa labo ukijikuna tu karibu nao kipimo kinaharibika, na mimi niliweza kuzuia pumzi hadi sindano itulie. Yeye alikuwa na pumzi kubwa, pumzi ya mwimbaji. Kanisani alishika sauti ya chini ya kwaya, na akinyamaza hata waliosinzia waliamka. Mimi pia niliimba. Hakuna aliyewahi kuamka niliponyamaza.

Halafu koti. Sisi wengine tulivaa makoti ya labo kama tulivyopewa, yenye madoa ya asidi na vifungo vya kuazima. Lake lilipigwa wanga wa muhogo na pasi ya makaa mpaka likasimama lenyewe. Mke wake alilishughulikia kila jioni, na wanawake wa mtaa walisimama kumtazama, na Astrida wangu alikuwa mmoja wao. Siku moja nilimwambia anipigie langu vilevile. Akalipiga. Nikalivaa, shingo ikanichubuka, na kazini wakaniuliza kama nina jipu.

Alikuwa mtu wa Kasai, na kama wengi wa kwao alipenda Kifaransa kilichonyooka. Ukimsahihisha neno alinuna wiki nzima. Lakini chakula chake hakuwahi kukila peke yake. Alikuwa mkali kwa wakubwa na mpole kwa wafagiaji, jambo ambalo ni la kheri, sikatai, ila alilifanya kila mtu akiona.

Kuhusu sumu hakuwa na mzaha. Labo yetu ilipima shaba kabla haijauzwa, na kitu kimoja tulichokitafuta ni aseniki, kwa sababu aseniki ikizidi shaba inaharibika na mnunuzi anairudisha. Kazi hiyo ilifanywa kwa karatasi. Unatia kitu chako katika chupa, unaongeza zinki na asidi, gesi inaanza kutoka. Mdomoni mwa chupa unaweka kipande cha karatasi kilicholoweshwa bromidi ya zebaki. Kama aseniki haipo, karatasi inabaki nyeupe. Kama ipo, inapanda na gesi, na karatasi inageuka njano, kisha kahawia. Ni kazi nzuri kuitazama. Karatasi haipigi kelele, inaanza kubadilika katikati na doa linapanuka taratibu.

Hiyo bromidi ya zebaki ni fuwele nyeupe, ukiiona utasema chumvi nzuri ya mezani. Inaua. Inapita kwenye ngozi, inapita kwa vumbi puani, na ikishaingia inatafuta figo. Mkuu alituwekea sheria: hakuna kugusa chupa yake bila mipira ya mikono, hakuna kula ndani, hakuna kujifuta jasho kwa kiganja. Alikuwa na msemo wake: "Sumu haina haraka. Mwenye haraka ni weye." Na mwingine: "Mukono ya kazi haiendake ku mudomo."

Mwenzetu mmoja, Kabwe, kijana mzito wa kusikia ushauri, alileta bukari yake, ugali wa mchana, katika bakuli la alumini na kuliweka juu ya meza ya kazi. Mkuu hakumgombeza. Alichukua kifuniko cha bakuli, akakikwaruza kwa msumari, akadondosha tone la maji yaliyoyeyushiwa bromidi, akakiweka dirishani. "Ngojako," akasema. Kabla ya king'ora cha saa sita kile kifuniko kilikuwa kimeota ndevu nyeupe, zinarefuka huku tunaziona, na ukiweka mkono karibu unasikia joto.

"Hii ni nini, Chef?" Kabwe aliuliza.

"Mercure, hii zebaki, iko inakula aluminium. Leo inakula kifuniko, kesho itakula mafigo yako."

Kabwe alimwaga bukari yake nje, na kuku wa mlinzi tukawafukuza wasiile. Halafu Mkuu akamwita uani, akafungua bakuli lake la chuma lenye maua, akamgawia nusu. Ungeona Kabwe alivyomtazama. Mimi pia siku ile nilikuwa na chakula cha kumgawia, ila hakuna aliyeniuliza.

Mtu huyohuyo, ukimfuata nyumbani, ungemkuta akinywa unga wowote aliouziwa sokoni kwa ajili ya mgongo. Mama wa Kibemba anamwambia, "Baba, kunywa hii," naye anakunywa, haulizi ni mzizi wa nini. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alishuka nayo mteremko wa reli akiweka kiatu juu ya gurudumu, huku koti jeupe linapepea, na watoto wakimshangilia. Astrida aliona yote hayo akacheka tu. Mimi nikisahau kufunga mlango ninahubiriwa.

"Chef Labo ananawaka mikono mpaka ku kiwiko, njo anashika mutoto," aliniambia jioni moja. "Weye unatoka ku kazi unamushika tu vile."

"Mi niko ku mzani. Sigusake sumu."

"Sawa. Lakini angenawa hata kama angekuwa ku mzani."

Nikanawa. Mpaka leo nanawa mpaka kwenye viwiko, na kila mara ni kama namtii.

Sasa niseme kilichoniuma zaidi. Zamani zile karatasi za kupimia zilikuja tayari kutoka Ulaya, ndani ya vikopo vyeusi. Sécession ilipoanza, vikopo vilikoma. Lakini tulikuwa na chupa ya fuwele zenyewe, na Mkuu alijua namna ya kutengeneza: unayeyusha fuwele katika alkoholi, unalowesha karatasi ya kuchujia, unaikausha gizani, unaikata vipande. Gizani, kwa sababu mwanga huiharibu. Tulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, chambre noire, na humo alijifungia siku za karatasi. Alitoka jasho linamtiririka, kikopo kimefungwa vizuri, akanawa muda mrefu, akaimba.

Nilimwomba anifundishe. "Hapana leo, petit," akasema. Aliniita petit, mdogo, mimi baba wa watoto wawili. Nikaomba tena baada ya Pasaka. "Hapana leo." Alinifundisha kila kitu kingine, hata namna ya kuzungumza na wakubwa wa kampuni, ila chumba kile alikifunga kwa ndani.

Hapo nilijua, au nilidhani najua. Karatasi ndizo zilikuwa labo. Shaba isingeuzwa bila cheti, na cheti hakikutoka bila karatasi. Anayezitengeneza ndiye mkuu, na atakayefundishwa ndiye mkuu wa kesho. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kukitaka kitu chochote, na ninamhesabu Astrida humo, siku za uchumba wetu. Nikamwambia Astrida, "Ananizarau." Akasema, "Pengine anakuogopea." Nikamwambia asimtetee mwanamume mwingine ndani ya nyumba yangu, akanyamaza siku mbili.

Wakati huo mji ulikuwa unageuka. Watu wa Kasai waliokaa nasi miaka yote wakaanza kuitwa wageni. Usiku walilala na viatu. Wengi walikuwa wamekwishahamia kwenye mahema pembeni mwa mji, chini ya ulinzi wa askari wa kigeni. Sisi ambao wazazi wetu walitoka upande wa Mitwaba, kaskazini, kulikopinga sécession, pia tulitazamwa kwa jicho la pembeni, kwa hiyo tulisema machache. Mkuu hakuhama. Alipita barabarani na koti lake kama kawaida, na watu wakamwamkia, hata wale waliokuwa wanawafukuza wenziwe. Nilijiuliza, mtu huyu ana dawa gani?

Huko Kasungami, pembeni mwa mji, kulikuwa na mtu mmoja wa Kasai kama Mkuu, Ntumba, mkulima wa mboga. Alichimba kisima na kuwaachia majirani wachote. Watoto wa majirani wakashikwa na tumbo, mmoja akazidiwa, na maneno yakaenea kwamba Ntumba ametia dawa ya panya, ambayo ni aseniki, kisimani akijiandaa kukimbilia mahemani. Vijana wakamvamia. Komisaa wa mtaa akamfungia, alisema ni kwa kumlinda, na akaleta maji ya kisima katika chupa ya bia: labo ipime kama yana aseniki. Yakiwa nayo, Ntumba atapelekwa gereza kubwa asubuhi itakayofuata. Kila mtu alijua kwamba kati ya lango la komisaa na gari la gereza palikuwa na vijana wenye minyororo ya baiskeli, na kwamba Ntumba asingelifikia gari.

Wiki hiyohiyo zinki yetu ya Ulaya ilikuwa imeisha. Mkuu alikwenda akapata zinki ya hapa hapa, iliyoyeyushwa kutoka mawe ya mgodi wa Kipushi, na akaileta labo kama bwana harusi aletaye mahari. Siku zile kila kitu kilikuwa "chetu": bendera yetu, pesa yetu, stempu zetu. "Na zinki yetu," akasema. "Hatuna lazima ya kungojea Bazungu." Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Alipima asubuhi, komisaa amesimama nyuma yake na watu wamejaa dirishani. Nilimtazama usoni, si kwenye chupa. Karatasi ikaanza njano. Ikaenda kahawia. Alishika ukingo wa meza. Alikuwa mweusi wa kung'aa, na uso wake ukawa wa majivu.

"Chef?" komisaa akauliza.

"Arsenic iko," akasema.

Aliiweka karatasi mezani. Angeweza kudanganya, nani angejua? Ntumba alikuwa mtu wa kwao, waliimba kwaya moja. Alisema alichokiona. Na watu walewale wa dirishani wakaanza: huyu ni mtu wa kweli, huyu haangalii kabila, huyu angemshitaki hata mama yake. Kabwe alikuwa na machozi. Nilisimama pale nikafikiri, hata kumpeleka ndugu yake kwenye kifo kumegeuka sifa kwake. Mwingine akifanya hivyo ataitwa nyoka.

Aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Nilibaki peke yangu na chupa. Nasema kama ilivyokuwa: nilibaki kwa sababu nilitamani awe amekosea. Nikapitia kila hatua yake, kama mtu anayetafuta kunguni kwenye godoro la jirani. Asidi ileile. Karatasi zake mwenyewe. Ndipo nikakumbuka jambo alilotufundisha kila mara kikopo kipya kinapofunguliwa: "Mbele ya kuuliza maji ya muntu, uliza maji ya bule." Yaani pima kwanza maji matupu ya labo, yasiyo na kitu, uone kama vifaa vyako vyenyewe ni safi. Asubuhi ile hakuyauliza. Komisaa alikuwa kisogoni mwake, na zinki ilikuwa yetu.

Nikatia maji matupu, asidi, zinki ya Kipushi, nikaweka karatasi juu. Ikageuka kahawia.

Nilicheka kwa sauti. Furaha ile siwezi kuieleza, nilihisi miguu myepesi. Aseniki ilitoka kwenye zinki yenyewe, ambayo haikusafishwa kwa kazi kama yetu. Maji ya kisima hayakuthibitishwa kuwa na chochote. Chef Labo amefanya kosa la mwanafunzi, na aliyeliona ni mimi! Ntumba nilimkumbuka nikiwa nimekwishavaa kofia.

Nilimkuta Mkuu mezani na mkewe, chakula hakijaguswa. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa sauti kubwa, ili mkewe asikie vizuri.

"Ulitia maji gani?" akaniuliza.

"Ya labo. Ya bule."

"Na zinki ile ya mupya?"

"Ileile."

Aliangalia sahani yake. Nilingoja abishe, nilikuwa nimejiandaa njiani kwa majibu ya kila aina. "Njo kosa yangu," akasema, akasimama. "Twende. Beba machupa."

Mkewe akamshika mkono. "Usiendeko. Asubui ulisema iko, sasa utasema haiko? Batasema unatetea ndugu yako. Batakufunga na weye."

"Batanifunga nikiwa nimesema kweli."

Akavaa koti. Alichukua muda kulifunga vifungo vyote. Mtu anakwenda kuaibika mbele ya mji mzima, na bado anakwenda amependeza kuliko mimi ninayekwenda kushinda.

Mambo yalikuwa kama mkewe alivyosema. Vijana walitufuata hadi ndani ya ofisi, mmoja anazungusha mnyororo. Komisaa alikuwa ametoka kunywa maji, bilauri bado mkononi. "Chef Labo," akasema, "asubui poison iko. Sasa haiko. Juu nini? Juu Ntumba ni muntu ya kwenu?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimepanga kueleza, kwa Kifaransa, habari ya zinki na maji matupu. Mkuu alinitangulia. Hakueleza kitu. Alinyosha mkono kwenye jagi la komisaa, jagi lilelile alilojimiminia, akamimina maji yake katika chupa yetu. Akatia asidi. Akatia zinki. Akaweka karatasi juu, akarudi nyuma hatua moja, mikono nyuma ya mgongo.

"Tuangalie," akasema.

Ofisi nzima iliinama juu ya kile kipande cha karatasi. Hata wa mnyororo aliinama. Njano. Halafu kahawia.

Komisaa aliweka bilauri chini polepole sana. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ee, Commissaire! Na weye Ntumba alikutilia?" Wakacheka. Walicheka vijana, akacheka askari wa mlangoni, mwishowe komisaa mwenyewe akacheka huku anajishika tumbo kuhakikisha.

"Zinki yetu njo iko na arsenic," Mkuu akasema. "Maji ya Ntumba sijue kama iko na nini, lakini hii karatasi haiwezi kumufunga. Kosa ni yangu. Na aliyeiona si miye, ni huyu."

Akanionyesha. Naapa alinionyesha, kwa kidole, mbele ya wote. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanamtazama yeye.

Ntumba alitolewa kwa mlango wa nyuma na siku hiyohiyo akapelekwa mahemani na watoto wake, mzima. Muuguzi wa misheni alisema watu wachemshe maji ya kisima, na waliochemsha walipona. Habari ya Chef Labo aliyepima maji ya komisaa ikazunguka mji. Niliisikia sokoni, niliisikia kwa kinyozi, niliisikia hata Kipushi, ambako waliongeza kwamba komisaa alizimia. Kosa lake lenyewe lilipendwa! Katika masimulizi hayo yote mimi simo, isipokuwa moja, ambamo yuko mtu fulani aliyebeba machupa.

Kesho yake nilimwendea nikiwa na haki mkononi. "Chef," nikasema, "sasa unifundishe karatasi."

Aligusa funguo mfukoni. "Hapana, petit," akasema, na safari hii hakusema "leo".

Sikuomba tena. Baada ya miezi michache nyumba ya jirani yake ilichomwa, na hata yeye akaenda mahemani, kisha kwenye treni ya kwenda Kasai pamoja na wengine. Hakuniaga. Aliacha funguo juu ya mzani wangu, na kabatini vikopo vya karatasi tayari, vingi, vya kutosha mpaka barabara zifunguliwe na za Ulaya zianze kuja upya. Chupa ya fuwele aliiacha tupu na imeoshwa. Nikawa mkuu wa labo. Waliniita Chef wa Sasa.

Nilimwona mara moja tu baadaye, miaka mingi imepita, watoto wangu wamekuwa watu wazima. Alikuja Lubumbashi kutibiwa, akafikia kwa binti yake huko Katuba, na Jumapili moja baada ya misa alitokea mlangoni kwetu kwa fimbo. Koti la suti lilipigwa pasi vizuri. Lakini viatu vilikuwa wazi, havikufungwa kamba, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na uso pia ulikuwa na uvimbe chini ya macho.

Astrida alikimbia kumwekea kiti. Alimletea chai. Akainyanyua, na chai ikamwagika kwenye sahani, kwenye goti, kila mahali. Mkono ulikuwa unatetemeka bila breki. Astrida akakichukua kikombe, akamshikia mdomoni, naye akanywa kama mtoto, bila haya.

"Ni ugonjwa gani, Chef?" akamuuliza.

"Mafigo, Mama. Na mikono unaiona. Munganga ananiuliza nilifanyaka kazi gani. Nikamwambia, karatasi."

Nilisema, "Lakini ulikuwa na mipira. Uliweka sheria."

"Gants za mikono zilipasuka mwanzo ya sécession," akasema. "Zingine hazikukuya. Nilifunga mulango ya chambre noire, nikafanya na vidole."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia ya reli badala ya barabara. Mimi nilisimama. Nilikuwa na hasira, nami najua ilikuwa hasira ya nini: hata hapo alikuwa amenishinda.

"Ungeniambia! Tungegawana kazi. Nusu yako, nusu yangu."

"Ungekubali?"

"Ningekubali siku ileile!"

"Njo maana sikukuambia," akasema. "Batoto yako balikuwa badogo, petit. Yangu balikuwa bakubwa."

Nikakaa tena. Alimaliza chai yake mkononi mwa mke wangu, akauliza habari za Kabwe, akalalamika kwamba kwaya ya siku hizi haina sauti za chini. Tulimsindikiza mpaka barabarani, nikamshika kiwiko, akaniacha nimshike.

Tuliporudi ndani, Astrida hakutoa vyombo. Alikaa, akavuta mikono yangu yote miwili mapajani mwake, akaigeuza juu na chini. Ilikuwa imetulia, mizima, ya mtu wa mzani. Akaibusu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, machozi yakiniangukia vidoleni. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kufanya hivyo. Nikamwachia, sikuivuta, na nilijua vizuri kwamba shukrani zile zilikuwa za Chef Labo, si zangu.